Parabola Iliyolala Ubavu

Andika x = y² kwenye karatasi na mkono unajua la kufanya. Unaweka nukta kwenye makutano ya mihimili, nyingine kwenye (1, 1) na (1, −1), nyingine kwenye (4, 2) na (4, −2), unaziunga, na parabola imelala ubavu, mdomo umeelekea kulia. Haichukui hata dakika. Sasa washa kikokotoo cha grafu na ubonyeze Y=. Mashine inakuonyesha mistari mitupu: Y1=, Y2=, Y3=, na kuendelea hadi chini ya skrini. X1= haipo. Mlinganyo ulioandikwa vizuri kabisa, ambao mtoto wa sekondari anauchora kwa mkono, hauna mahali pa kuandikwa kwenye mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo ya kuchora grafu.

Ukimuuliza aliyekutangulia, atakujibu kabla hujamaliza swali: toa kipeuo cha pili, ugawe vipande viwili. Andika Y1=√(X) kwa nusu ya juu na Y2=−Y1 kwa nusu ya chini, bonyeza GRAPH, basi. Jibu hilo ni sahihi, na ndilo linalofundishwa karibu kila mahali. Mimi nadhani lilipaswa kufundishwa mwisho. Linakata mkunjo mmoja kuwa viwili, na mahali linapoukata ni pale pale ulipotaka kupaona: kwenye ncha, panapogeuka.

Ili kuona kwa nini, lazima tuchungulie jinsi mashine inavyochora. Tuchukue TI-84 Plus, kikokotoo cha Texas Instruments cha mwaka 2004, ambayo wengi wameishika mkononi au wameiona kwenye simu kwa njia ya programu ya kuiga. Skrini yake ina nukta 96 kwa 64, na sehemu ya grafu inatumia safu wima 95 na safu mlalo 63. Mashine inaanza safu ya kushoto kabisa, inachukua thamani ya x ya safu hiyo, inakokotoa y, inawasha nukta, inahamia safu inayofuata. Ni karani wa sensa anayepita mlango kwa mlango na swali moja tu mdomoni, "y yako ni ngapi?", na fomu yake ina nafasi ya jibu moja. Mlango wenye wakazi wawili unampa taabu. Parabola iliyolala ina wakazi wawili karibu kila mlango, mmoja juu na mmoja chini, kwa hiyo tunamtuma karani mara mbili: mara ya kwanza aulize wa juu, mara ya pili aulize wa chini.

Hiyo ndiyo maana halisi ya fanksheni, kila x na y yake moja, na ndiyo sababu ya lile jaribio la mstari wima (mstari wima wowote ukiikata grafu zaidi ya mara moja, hiyo si fanksheni) ambalo wanafunzi hulikariri bila kujua linamlinda nani. Linamlinda karani. Tangu Casio ilipotoa fx-7000G mwaka 1985, kikokotoo cha kwanza cha grafu kuuzwa madukani, mtindo wa kawaida umekuwa huo: x inatembea, y inajibu. Si uzembe wa wahandisi. Kwa chipu ndogo na kumbukumbu finyu, hesabu 95 kwa kila grafu ni kazi inayobebeka, na milinganyo mingi ya vitabuni inaanza na "y =" hata hivyo.

Sasa tuchore kitu chenye shida kidogo: x = y²/4 + 2. Parabola hii ncha yake iko (2, 0) na imetanuka kuliko ile ya mwanzo. Ukiitenga y unapata y = ±2√(x − 2). Weka Y1=2√(X−2), weka Y2=−Y1 (alama ya hasi ni ile ya kitufe chenye mabano, si ya kutoa; mashine hizi hazisamehe hilo), kisha chagua dirisha la kawaida, −10 hadi 10 pande zote mbili. Utaona matawi mawili yanayoelekea kulia, na kati yao, pale ambapo ncha ingekuwa, hamna kitu. Pengo jeupe. Parabola imekuwa mabano mawili yasiyogusana.

Hesabu ya pengo hilo inafaa kufanywa angalau mara moja maishani. Kutoka −10 hadi 10 kuna hatua 94 kati ya safu 95, kwa hiyo kila hatua ni 20/94, takriban 0.2128. Safu zinaangukia −10, −9.787, −9.574, na kuendelea. Je, kuna safu inayoangukia 2 kamili? Hakuna. Kuna moja kwenye 1.915 na inayofuata ni 2.128. Kwenye 1.915 mashine inajaribu kutoa kipeuo cha pili cha namba hasi, inaona hakuna jibu, inapita kimya. Kwenye 2.128 inapata 2√0.128, karibu 0.715. Basi tawi la juu linaanza kwenye y = 0.715 na la chini kwenye −0.715, na katikati kuna urefu wa 1.43 ambao hakuna safu iliyouuliza. Safu mlalo moja ya skrini ni 20/62, kama 0.32, hivyo pengo ni la nukta nne na ushei. Linaonekana kwa macho.

Duara linaumia zaidi. x² + y² = 25 kwenye dirisha lile lile lina safu ya mwisho yenye jibu kwenye 4.894, na hapo y ni ±1.026. Duara linaachwa wazi kulia na kushoto, pengo la zaidi ya nukta sita kila upande, na juu ya hayo limebonyea kama yai kwa sababu nukta za skrini hii zinabeba umbali tofauti kwa upana na kwa urefu. Hilo la kubonyea lina dawa rahisi: kwenye menyu ya ZOOM kuna ZSquare. Pengo halina dawa rahisi.

Watu husema, "Nunua yenye skrini kali zaidi." Inasaidia, ila kwa ubahili. Karibu na ncha, y inakua kama kipeuo cha pili cha umbali kutoka kwenye ncha. Maana yake pengo halipungui sawa na hatua. Linapungua sawa na kipeuo cha pili cha hatua. Ukitaka kulipunguza pengo nusu unahitaji safu mara nne. Ukitaka liwe moja ya kumi, safu mara mia. Hakuna skrini ya mfukoni itakayolishinda pengo kwa wingi wa nukta peke yake. Tatizo linazaliwa mahali ambapo mkunjo umesimama wima, na kwa mkunjo uliosimama wima mtu anayetembea kuelekea kulia hawezi kuuliza maswali ya kutosha, kwa kuwa kila kitu kinatokea kati ya hatua yake moja na inayofuata.

Zipo tiba za kutuliza dalili. ZDecimal inaweka dirisha la −4.7 hadi 4.7, hatua ni 0.1 kamili, safu moja inaangukia 2 barabara na ncha inafungwa. Ni ujanja mzuri mpaka ncha yako iwe kwenye theluthi moja. Mimi naitumia ninapotaka picha ya haraka, na sijidanganyi kwamba nimetatua chochote.

Lakini nikiri kwamba mabano yasiyogusana si sababu yangu kubwa ya kuikataa njia ya vipeuo. Sababu kubwa ni kwamba inakufanya ufanye aljebra ambayo mlinganyo haukuomba. Mtu anakupa x = 3y² − 5y + 1. Kila kitu kiko wazi: ukipewa y, x inapatikana kwa kuzidisha na kujumlisha tu. Ili kumridhisha karani unageuza kuwa 3y² − 5y + (1 − x) = 0, unaleta fomula ya kwadratiki, unapata y = (5 ± √(13 + 12x))/6, unaiandika mara mbili na mabano yake yote, na ukisahau bano moja grafu inakuja ya ajabu. Umefanya kazi ngumu kuufanya mlinganyo rahisi uwe mgumu.

Tena huo ni wa kipeo cha pili. Jaribu x = y³ − 3y. Kati ya x = −2 na x = 2 kila safu ina wakazi watatu. Fomula ya kuwatafuta ipo, mwanahisabati Mwitaliano Cardano aliichapisha mwaka 1545, lakini katika eneo hilo hilo lenye majibu matatu inapita kwenye vipeuo vya namba hasi kabla ya kukurudisha kwenye namba za kawaida. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kuiandika kwenye Y1. Au chukua x = sin y, wimbi linalopanda juu badala ya kwenda kando. Ukiitenga y mashine inakupa sin⁻¹(X), na grafu yake ni kipande kifupi kati ya −π/2 na π/2. Wimbi lote lililobaki, juu na chini, limepotea, wala mashine haikwambii kwamba limepotea. Na ukifika x = y + sin y, huna hata kipande: hakuna fomula ya kawaida ya kuitenga y hapo.

Njia ninayoipenda iko kwenye kitufe cha MODE. Shuka hadi mstari ulioandikwa FUNC, sogea hadi PAR, bonyeza ENTER. Huu ni mtindo wa parameta. Rudi Y= na utakuta sura mpya: X1T= na Y1T=, zikiwa jozi. Sasa kuna namba ya tatu, T, ndiyo inayotembea, na x na y zote mbili zinajibu. Kwa mlinganyo wowote wa sura ya x = kitu cha y, kazi ni ya kunakili tu: Y1T=T, na X1T ni ule upande wa kulia wa mlinganyo wako, kila y ikibadilishwa kuwa T.

Parabola yetu inakuwa X1T=T²/4+2 na Y1T=T. Ile ya kwadratiki ndefu ni X1T=3T²−5T+1. Ile ya tatu ni X1T=T³−3T. Wimbi la wima ni X1T=sin(T). Na x = y + sin y, iliyotushinda kabisa, ni X1T=T+sin(T). Hakuna kipeuo, hakuna ±, hakuna nusu ya juu na nusu ya chini. Na ukibonyeza GRAPH mkunjo unatoka mzima, unapita kwenye ncha bila kusita.

Hapa pana mtego mmoja ambao umewarudisha wengi kwenye vipeuo wakidhani parameta haifanyi kazi. Ukiingia PAR kwa mara ya kwanza ukiwa kwenye radiani, mashine inaweka T kuanzia 0 hadi 2π, hatua π/24. Hizo ni tarakimu za mtu anayetaka kuchora duara. Kwa parabola iliyolala, T kuanzia 0 ni y kuanzia 0, kwa hiyo unapata nusu ya juu peke yake. Mtu anatazama, anasema "mbona imerudi ile ile?", anafunga. Dawa iko kwenye WINDOW: fanya Tmin iwe sawa na Ymin, Tmax iwe sawa na Ymax. Kwa dirisha la kawaida, −10 na 10. Hatua ya T weka 0.1 na usahau.

Kwa anayependa kujua kwa nini 0.1: safu mlalo ziko 63, kwa hiyo hatua ya 20/62, kama 0.32, ingempa kila safu mlalo swali moja. Ukiweka hivyo utakuwa umemgeuza karani kabisa. Hatembei tena kulia akiuliza y. Anapanda kutoka chini kwenda juu akiuliza x, na kwa milinganyo hii kila ghorofa ina mkazi mmoja tu. Hatua ya 0.1 inauliza mara tatu zaidi ya hapo na mikunjo inatoka laini. Ukienda 0.01 utakaa unasubiri, hasa kwenye mashine za zamani; chipu ya TI-83 ilikuwa inaenda megahezi 6, na uzito wake unauona kwa macho nukta zinapojitokeza moja baada ya nyingine. (Binafsi naona polepole hiyo ina faida yake. Mkunjo wa T³−3T ukichorwa taratibu unaona wazi unavyokwenda kulia, unarudi kushoto, kisha unakwenda kulia tena. Kwenye skrini ya kisasa unatokea wote kwa mpigo na huoni safari.)

Mstari wima nao unapatikana bure. x = 3, ambao kwenye Y= hauandikiki kwa namna yoyote ya heshima, ni X1T=3 na Y1T=T. Nimeona watu wakiandika Y1=1000000000(X−3) ili mstari uwe mkali hadi uonekane wima. Unaonekana, ila si wima, na ukiuchunguza kwa TRACE, kitufe cha kutembea juu ya mkunjo ukisoma namba zake, unakupa namba za kutisha. Menyu ya DRAW nayo ina amri ya Vertical inayochora mstari huo kama pambo.

Sitasema parameta haina kasoro. Inayo, na ni kubwa. Kwenye FUNC, menyu ya CALC ina amri ya kutafuta makutano ya mikunjo miwili. Ukiingia PAR amri hiyo inatoweka. Mashine haiwezi kukutafutia mikunjo miwili inakutana wapi, kwa sababu T ya mkunjo mmoja si lazima iwe T ya mwingine pale yanapokutana.

Mfano wangu wa kuipa haki njia ya vipeuo ni wa kale sana. Wagiriki walikuwa na fumbo la kuufanya mchemraba uwe na ujazo maradufu, yaani kutafuta kipeuo cha tatu cha 2 kwa maumbo. Menaikhmos, katika karne ya nne kabla ya Kristo, alionyesha kwamba jibu limekaa kwenye makutano ya mikunjo miwili iliyokatwa kwenye pia, na moja ya njia zake inatumia parabola mbili, moja ikisimama na moja ikilala. Yeye hakuwa na x wala y. Hizo zililetwa na Mfaransa Descartes mwaka 1637. Kwa lugha yetu ni y = x² na x = y²/2. Weka ya kwanza ndani ya ya pili: 2x = x⁴, na ukiacha x = 0 unabaki na x³ = 2. Basi rudi FUNC, Y1=X², Y2=√(2X), tawi la juu peke yake linatosha kwa kuwa makutano yako juu. Omba makutano, sogeza kielekezi cha skrini mbali na sifuri, na skrini inaandika X=1.259921 na Y=1.5874011. Kipeuo cha tatu cha 2 kimepatikana kwa parabola mbili. Kwenye PAR ungebaki unakisia kwa TRACE, maana mkunjo wa kwanza unafika hapo T ikiwa 1.26 na wa pili T ikiwa 1.587.

Lakini mikunjo yote miwili ikiwa imelala, x = kitu cha y na x = kitu kingine cha y, mambo yanageuka kuwa mazuri tena. Yote miwili ina Y=T, kwa hiyo yanapokutana T ni moja. Kwenye TRACE, bonyeza mshale wa juu au chini kuruka kutoka mkunjo mmoja hadi mwingine: T haibadiliki, na unalinganisha X mbili tu. Ukiweka MODE kwenye SIMUL mikunjo inachorwa pamoja, nukta mbili zikipanda ghorofa kwa ghorofa, na unaona zinapogongana.

Kuna njia ya tatu ambayo vitabu vya mwongozo huitaja kwa mstari mmoja: DrawInv, kwenye menyu ya DRAW. Unaandika Y1=X²/4+2, parabola ya kawaida inayotazama juu, kisha unaomba DrawInv Y1, na mashine inachora ile ile huku x na y zimebadilishana nafasi. Inapendeza kwa kuonyesha darasa, maana mkunjo na kinyume chake vinakaa pamoja skrini moja, vikitazamana kuvuka mshazari wa y = x. Ila ni mchoro tu. TRACE haiupandi, jedwali haliujui, na ukibadilisha dirisha unafutika. Naitumia kuonyesha, siitumii kukokotoa.

Na ipo njia ya nne, ya utani, ambayo kila mtu huifikiria: badilisha herufi, chora y = x²/4 + 2, halafu kilaze kikokotoo chenyewe ubavu. Kwa parabola hii inafanya kazi, na hapo ndipo inapodanganya, kwa sababu kuzungusha si sawa na kubadilishana x na y. Ukikizungusha kikokotoo robo mzunguko kwa mwelekeo wa saa, nukta (a, b) inakwenda (b, −a), wakati wewe ulitaka (b, a). Juu na chini vimepinduka. Parabola yenye ulinganifu kuvuka mhimili wa x haionyeshi kosa, kwa kuwa juu yake na chini yake ni sawa. Jaribu na x = y³ − 3y na utapata picha yake ya kwenye kioo. Ukitaka kufanya hivyo kwa haki, nakili grafu kwenye karatasi nyepesi, izungushe robo mzunguko, kisha ipindue juu chini uitazame kwa nyuma dhidi ya mwanga. Kuzungusha na kupindua pamoja ndiko kuakisi kuvuka mshazari. Sijui mazoezi mengine ya bei rahisi yanayofundisha tofauti ya mzunguko na uakisi vizuri kama hilo.

Wenye vifaa vingine watakuwa wanacheka tangu aya ya kwanza. Baadhi ya vikokotoo vya Casio vina aina ya grafu iitwayo X=, unaandika mlinganyo uliolala kama ulivyo, na suala limeisha. HP Prime ya mwaka 2013 ina programu ya ndani inayopokea mlinganyo wowote wa x na y. Kwenye programu za grafu za simu na kompyuta, kama Desmos, iliyoanza 2011, na GeoGebra, unaandika x = y²/4 + 2 na unaona parabola kabla hujatoa kidole.

Hawa wamemfukuza karani kabisa. Wanauchukua mlinganyo, wanahamishia kila kitu upande mmoja, x − y²/4 − 2, kisha wanatupa wavu wa vijumba juu ya skrini na kukokotoa thamani kwenye kila kona. Ndani ya parabola thamani ni chanya, nje ni hasi, na kijumba chenye kona za alama tofauti lazima mkunjo unakipitia. Wanachora mstari ndani yake, wanakigawa zaidi ikibidi. Hapo x haimtawali y wala y haimtawali x; zote ni mahali tu. Unaweza kulifanya toleo la kimaskini la njia hii kwenye TI-84 kwa programu fupi yenye vitanzi viwili, ikipita nukta zote 5,985 za sehemu ya grafu na kuwasha zile ambapo alama inabadilika. Muda wa kwenda kuchemsha maji na kurudi utatosha.

Njia ya alama nayo ina upofu wake. Mlinganyo (x − y)² = 0 ni mstari mnyoofu wa kawaida, lakini upande wa kushoto hauwi hasi popote, alama haibadiliki, na programu inayotegemea alama peke yake itaacha skrini tupu. Jeff Tupper, aliyetengeneza programu ya GrafEq, aliandika mwaka 2001 kuhusu njia ya kuaminika zaidi: badala ya kukokotoa kwenye kona, kokotoa kwa kijumba kizima, ukitumia hesabu za vipindi (zinazokokotoa kwa masafa mazima ya namba badala ya namba moja moja), na ukifute tu kile unachoweza kuthibitisha kwamba hakina jibu. Kijumba ambacho hujakithibitisha kinabaki na rangi ya "bado". Napenda uaminifu huo. Ndivyo nilivyotaka TI-84 ifanye kwenye lile pengo la nukta nne: iseme "hapa sikuuliza", badala ya kuacha peupe kana kwamba hakuna mtu.

Kama una Desmos mfukoni, kwa nini ujisumbue na PAR? Kwa mtihani, wengine watajibu, kwa kuwa simu hairuhusiwi. Mimi jibu langu ni lingine: swali la nani atembee, x au y, linarudi hata pale ambapo huchori chochote. Chukua eneo lililofungwa kati ya x = y² na mstari x = y + 2. Ukichora kwenye PAR, X1T=T², X2T=T+2, zote na Y=T, unaona zinakutana T ikiwa −1 na T ikiwa 2, na kwa kila ghorofa kati ya hizo mstari uko kulia, parabola iko kushoto. Urefu wa kila ghorofa ni y + 2 − y². Jumlisha ghorofa zote, yaani tafuta intigrali kutoka −1 hadi 2.

Mtu anayelazimisha x itembee anapata kazi mbili. Kuanzia x = 0 hadi 1, juu na chini kote ni parabola, urefu 2√x. Kuanzia 1 hadi 4, juu ni parabola na chini ni mstari, urefu √x − (x − 2). Intigrali mbili, mipaka mitatu, vipeuo kila mahali, na nusu ya wanafunzi ninaowasaidia huisahau ile ya kwanza kwa sababu kwenye grafu ya vipande viwili haionekani wazi kwamba sehemu ya chini imebadilisha mwenyewe.

Kwenye kikokotoo, amri ya fnInt, inayokokotoa intigrali, haijali unaitumia katika mtindo gani wala herufi gani. Andika fnInt(X+2−X², X, −1, 2), ukijua moyoni kwamba hiyo X ni y yako, na inajibu 4.5. Ukitaka kuihakiki kwa njia ndefu, kipande cha kwanza ni 4/3 na cha pili ni 19/6, jumla 27/6.